Feni ya Umeme Badala ya Feni ya Mkanda: Kutafuta Chanzo cha Hitilafu Baada ya Kubadilisha

Gari lililofungwa feni ya umeme badala ya ile inayozungushwa na mkanda likianza kuchemsha, lawama ya kwanza huiangukia feni mpya, na mwenye gari hurudi dukani kutafuta kubwa zaidi. Mara nyingi fedha hiyo hupotea bure, kwa sababu feni yenyewe ni nzima na kilichokosewa ni waya, swichi ya joto (inayoiwasha feni maji yakipata moto), au namna feni ilivyokaa kwenye rejeta. Katika mwongozo huu nitafuata dalili moja baada ya nyingine, nikitumia mfano wa Toyota Hilux ya petroli yenye injini ya 22R ya lita 2.4. Pikapu hizo bado zinapiga kazi, feni yake imefungwa juu ya pampu ya maji kupitia klachi yenye mafuta ya silikoni, na umeme wake ni mwepesi kufuatilia. Magari mengine ambayo injini yake imelala kwa urefu, kutoka mbele kwenda nyuma, yana mpangilio unaokaribiana na huo.

Tahadhari moja itangulie. Feni ya umeme inaweza kuanza kuzunguka bila kukuonya hata kama injini imezimwa, kwa hiyo chomoa waya hasi wa betri kabla ya kuingiza mkono karibu na mapanga yake, na usiufungue mfuniko wa rejeta maji yakiwa ya moto.

Geji ya joto hupanda wakati gani?

Swali hili hutangulia mengine yote. Kazi ya feni ni kuvuta hewa ipite kwenye rejeta wakati gari limesimama au linakwenda polepole, ilhali gari likishashika mwendo wa kilomita 60 kwa saa na kuendelea, upepo wa safari pekee hutosha kwa sehemu kubwa. Kwa hiyo gari linalochemsha kwenye foleni kisha likapoa barabara inapofunguka lina upungufu wa hewa, na hapo ni haki kuishuku feni na kila kinachoiendesha. Gari linalotulia kwenye foleni lakini likachemsha kwenye mwendo wa kasi au mlimani lina tatizo jingine, na hata ukilifungia feni mbili halitapona.

Ni vizuri pia kujua feni ya zamani iliondolewa kwa sababu gani. Klachi ya feni iliyochoka huachia mapanga yazunguke ovyo hata injini ikiwa ya moto, na mara nyingi huacha alama za mafuta kuzunguka springi yake ya mbele. Klachi iliyoganda hunguruma muda wote na kunyonya nguvu ya injini. Hizo ni sababu za kweli za kubadilisha. Lakini kama gari lilikuwa linachemsha wakati klachi ilikuwa nzima, chanzo bado kimo ndani ya gari na kimerithiwa na feni mpya.

Linachemsha kwenye foleni, na feni inazunguka

Anza na mwelekeo wa hewa. Injini ikiwa ya moto na feni inazunguka, weka karatasi mbele ya rejeta, au mbele ya kondensa (rejeta ndogo ya kiyoyozi) ikiwa gari lina kiyoyozi. Feni iliyofungwa nyuma ya rejeta inapaswa kuivuta karatasi na kuibana pale pale. Karatasi ikianguka au ikisukumwa mbele, nyaya mbili za mota zimegeuzwa, na feni inapigana na upepo badala ya kuusaidia. Ukizibadilisha nyaya hizo mota itageuka, lakini angalia pia mapanga yenyewe, kwa sababu yamepindwa yafanye kazi upande mmoja. Feni iliyotengenezwa kusukuma hewa kutoka mbele ya rejeta ikifungwa nyuma na kugeuzwa kwa nyaya tu, itavuta hewa kidogo sana kuliko ilivyokusudiwa.

Jambo la pili ni kava la feni, na hapa ndipo ninapoona uharibifu mwingi. Fundi huondoa feni ya mkanda pamoja na kava lake la plastiki, kisha hufunga feni ya umeme moja kwa moja kwenye uso wa rejeta. Chukua rejeta yenye upana wa sentimita 60 na kimo cha sentimita 40, ambayo uso wake ni sentimita za mraba 2,400. Feni yenye kipenyo cha sentimita 35 inafunika takriban sentimita za mraba 960, yaani asilimia 40 tu ya uso huo. Sehemu iliyobaki haivutiwi hewa yoyote gari likiwa limesimama, na maji yanayopita huko hurudi kwenye injini yakiwa na joto karibu lile lile. Kava linalofunika rejeta nzima, huku feni ikiwa imeachana na rejeta kwa sentimita chache, huifanya feni ile ile ivute hewa kupitia uso wote. Ukiwa na bati jembamba la alumini na fundi bati mwenye mkono mzuri, kava hutengenezeka, na mimi ningelipia kazi hiyo kabla ya kulipia feni kubwa zaidi.

Ukishamaliza hayo mawili, pima umeme unaoifikia mota. Feni ya kawaida ya volti 12 hutumia kati ya ampia 15 na 30, na kwa mkondo mkubwa namna hiyo kila sehemu nyembamba ya waya hula volti. Weka malitimita (kipimo cha umeme) kwenye volti za moja kwa moja (DC), gusisha ncha moja kwenye chanya ya betri na nyingine kwenye chanya ya mota wakati feni inazunguka; namba utakayoiona ndiyo volti zinazopotea njiani. Rudia hivyo hivyo upande wa hasi, kutoka kwenye hasi ya mota hadi kwenye hasi ya betri. Upande wowote ukipoteza zaidi ya nusu volti, kuna kazi ya kufanya.

Hesabu yake ni hii. Waya wa shaba wenye unene wa milimita ya mraba 1.5 na urefu wa mita 3 una ukinzani wa takriban omu 0.035, na ampia 20 zikipita humo hupotea volti 0.7. Waya wa milimita za mraba 4 wenye urefu huo huo hupoteza karibu volti 0.26 tu. Ukijumlisha njia ya kurudi, soketi ya fyuzi iliyoshika kutu na waya wa ethi (unaorudisha umeme kwenye hasi kupitia bodi) uliobanwa juu ya rangi ya bodi, mota iliyopaswa kupata volti 13.8 hubaki na 11 au pungufu, na kasi yake hushuka. Ukisikiliza kwa sikio utasema inazunguka vizuri, ilhali hewa inayopita ni ndogo. Tumia waya wa milimita za mraba 4 hadi 6, kwangua rangi mahali pa ethi mpaka chuma king'ae, na kama inawezekana ipeleke ethi ya feni moja kwa moja kwenye hasi ya betri.

Feni inazunguka injini ikiwa ya baridi na kusimama ikiwa ya moto

Dalili hii huwashangaza hata mafundi wazoefu, na katika nchi zetu huonekana mara kwa mara kwa sababu swichi nyingi za joto tunazotumia ni za mtumba kutoka kwenye magari ya Japani. Katika Toyota nyingi za miaka ya 1980 na 1990 zenye injini iliyokaa kwa upana, kama vile Corolla, swichi ya joto iliyo chini ya rejeta hufanya kazi kinyume na watu wanavyotarajia: ikiwa ya baridi imejifunga na umeme unapita, na joto likifika karibu nyuzi 93 inajifungua na kukata. Mtengenezaji alifanya hivyo makusudi kwa ajili ya usalama, ili waya wa swichi ukikatika au soketi ikichomoka, feni iwake na injini iokoke. Swichi hiyo ikiunganishwa na relei ya kawaida ya miguu minne, yaani swichi ya umeme inayoipa feni umeme pale koili yake ya ndani inapopata umeme, matokeo yanageuka: feni huwaka asubuhi ukiwasha gari na hunyamaza pale pale unapoihitaji.

Kabla ya kuifunga swichi yoyote ya mtumba, ipime. Ining'inize kwa waya ndani ya sufuria ya maji, weka kipimajoto, unganisha malitimita kwenye mlio wa mwendelezo (hulia umeme ukiweza kupita) na uyapashe maji polepole. Andika ni joto gani umeme unaanza au unaacha kupita, kisha acha maji yapoe na uandike tena, kwa maana swichi hurudi katika hali yake kwenye joto la chini kidogo kuliko lile la kwanza. Ukiwa Dar es Salaam au Mombasa maji yatachemka kwenye nyuzi 100, lakini Nairobi, iliyo karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, na Mbeya hali inakaribiana na hiyo. Swichi ya nyuzi 95 haitabadilika kamwe ndani ya sufuria ya Nairobi, na si vema kuitupa ukidhani imekufa. Ndani ya rejeta maji yako chini ya shinikizo na hupita joto hilo bila kuchemka.

Ukigundua kwamba swichi ni ya aina ya kujifungua, una njia mbili. Ya kwanza, ambayo naipendelea, ni kununua swichi inayojifunga kwenye joto, kwa kuwa mfumo wake ni mwepesi na fundi yeyote atakayekuja baadaye ataufahamu. Ya pili ni kutumia relei ya miguu mitano na kuchukua umeme wa feni kutoka mguu wa 87a (namba zimeandikwa kwenye relei), ambao umeungana na mguu wa 30 pale koili ya relei isipokuwa na umeme. Hapo kuna mtego: ukizima gari, koili hukosa umeme, mguu wa 87a unashika, na feni inaendelea kuzunguka mpaka betri iishe. Kwa hiyo mguu wa 30 unapaswa kulishwa kupitia relei nyingine inayowashwa na ufunguo. Soma pia maandishi yaliyo juu ya relei, kwani relei iliyoandikwa ampia 40/30 huwa inabeba ampia 30 tu kwenye mguu wa 87a.

Feni haiwaki kabisa

Chomoa waya wa swichi ya joto na uuguse kwenye ethi safi, ufunguo ukiwa umewashwa. Kama koili ya relei inasubiri ethi kutoka kwenye swichi, feni itawaka papo hapo, na hapo utajua kwamba fyuzi, relei na mota ni nzima na tatizo liko kwenye swichi. Swichi yenye waya mmoja hupata ethi yake kupitia mwili wake wa shaba, na hapa pana makosa matatu yanayojirudia. La kwanza ni kuzungushia uzi wake utepe wa plastiki kwa wingi hadi chuma kisigusane na chuma. La pili ni kuifunga kwenye tangi la plastiki. La tatu ni kutumia kiungio cha chuma kilichokatwa katikati ya mpira wa juu wa rejeta bila kukiwekea ethi, kwani kiungio hicho kimezungukwa na mpira pande zote mbili na hakigusi kitu chochote cha gari. Kipatie waya wake wa ethi na swichi itafanya kazi.

Swichi pia haihisi joto ikiwa imekaa ndani ya hewa. Mfumo uliofunguliwa na kujazwa maji upya hubakiza mapovu sehemu za juu, na hewa hiyo haipeleki joto kwenye swichi kama maji yanavyofanya. Jaza maji huku pua ya gari ikiwa juu kidogo, washa injini, fungulia hita ya ndani, na uongeze maji mpaka mapovu yakome na mpira wa juu upate moto.

Feni haipumziki, au inawaka na kuzima kila dakika

Themostati (vali inayofungulia maji yaende kwenye rejeta) za injini za aina hii huanza kufunguka kwenye nyuzi 82 au 88 kutegemea iliyofungwa, na maandishi yake husomeka juu ya chuma chake. Swichi ya feni iliyopangwa kuwaka kwenye nyuzi 82 ikikutana na themostati ya nyuzi 88 haitapumzika milele, kwa maana themostati hairuhusu maji yapoe kufikia kiwango ambacho swichi inazima. Acha pengo: feni iwake kati ya nyuzi 92 na 96, na izime ikiwa bado juu kidogo ya joto la themostati. Mahali pa swichi nako kuna uzito, kwani maji ya mpira wa chini yameshapita kwenye rejeta na ni ya baridi kuliko ya juu, hivyo swichi iliyofaa juu ikihamishiwa chini itachelewa kuwaka.

Kuondoa themostati kabisa ili gari lipoe ni ushauri unaosikika kila gereji, na mimi naupinga waziwazi. Injini inakwenda baridi asubuhi, inakula mafuta zaidi, na silinda zake zinalika mapema.

Fyuzi inakatika, soketi inayeyuka

Mota ya feni inapoanza kuzunguka huvuta mkondo mara mbili au tatu ya ule wa kawaida kwa muda mfupi, na ndiyo sababu fyuzi ya ampia 20 kwenye feni ya ampia 18 hukatika baada ya siku chache. Feni ya kiasi hicho ipewe fyuzi ya ampia 30 na relei ya ampia 40, kwa sharti kwamba waya ni mnene wa kutosha, kwa sababu fyuzi ipo kuulinda waya. Plastiki ikiyeyuka wakati fyuzi ni nzima, tafuta mguso uliolegea. Terminali iliyobanwa kwa koleo la kawaida hushika nyuzi chache tu za waya, na joto lote hukusanyika hapo. Fyuzi yenyewe ikae karibu na betri iwezekanavyo, kwani waya ulio kati ya betri na fyuzi hauna ulinzi wowote ukikatwa na chuma.

Taa zinafifia, betri inalala, au injini inakataa kuzima

Alteneta za Hilux za enzi hiyo zilikuwa ndogo, nazo injini ikiwa saileni (inanguruma bila kukanyagwa mafuta) hazitoi uwezo wao wote. Jumlisha feni ya ampia 20, taa kubwa mbili za wati 55 ambazo ni ampia 9 hivi, na feni ya hewa ya ndani, utaona kwamba usiku kwenye foleni betri inachangia badala ya kuchajiwa. Pima volti kwenye betri kila kitu kikiwa kimewashwa. Zikishuka chini ya 13 injini ikiwa saileni, kaza mkanda kwanza, kisha fikiria alteneta kubwa zaidi.

Injini inayoendelea kwa sekunde kadhaa baada ya kuzima ufunguo, ikinguruma sawasawa kama kawaida, inaonyesha kwamba umeme wa feni umechukuliwa kwenye waya wa ufunguo bila relei. Mapanga yanayoendelea kuzunguka huifanya mota izalishe umeme na kuurudisha kwenye koili ya kuwashia. Dawa ni kulisha feni kutoka kwenye betri kupitia relei, ufunguo ubaki kuendesha koili ya relei tu. Injini inayoendelea huku ikigongagonga na kutetemeka ina ugonjwa mwingine, wa kaboni yenye moto ndani ya silinda.

Mlio mbele ya injini baada ya kuondoa feni ya zamani

Katika 22R, stadi nne (bolti zisizo na kichwa) zinazoshikilia klachi ya feni ndizo zinazobana puli kwenye pampu ya maji. Ukiondoa klachi, unene wa kitako chake unaondoka pia, na nati zikirudishwa huweza kufika mwisho wa uzi kabla hazijaibana puli. Puli hucheza, mashimo yake hupanuka, na stadi hukatika. Weka washa za chuma za unene unaolingana na kitako kilichotoka, au tumia bolti fupi za uzi ule ule, kisha shika puli kwa mkono na uhakikishe haina mchezo. Chunguza pia jinsi feni mpya ilivyoshikiliwa. Vijiti vya plastiki vinavyopitishwa katikati ya rejeta husugua mirija kwa mtikisiko wa barabara mbovu mpaka itoboke, kwa hiyo feni ishikwe na vyuma vilivyofungwa kwenye fremu ya rejeta.

Linachemsha mlimani tu

Ukishahakikisha kwamba kava halizibi upepo na hakuna feni iliyofungwa mbele ikiukinga, hamia kwenye maji. Papasa rejeta kwa uangalifu baada ya safari. Sehemu zilizobaki baridi zimeziba ndani kwa kutu na chumvi za maji ya bomba. Angalia mfuniko wa rejeta: mfuniko wa bari 0.9 unapandisha kiwango cha maji kuchemka hadi karibu nyuzi 118 pwani, na springi yake ikichoka kinga hiyo inapotea. Mpira wa chini ukinywea injini inapozungushwa kwa kasi, umelainika na unajibana. Mapovu yasiyokoma rejeta ikiwa wazi, kuanzia injini ikiwa ya baridi, yanaashiria gasketi ya silinda hedi iliyoungua.

Kama yote hayo ni mazima na gari bado linachemsha likiwa limebeba mzigo kwenye mlima mrefu kama Kitonga, itabidi kukubali kikomo cha feni ya umeme. Ampia 20 kwenye volti 13 ni wati 260 tu, wakati feni ya mkanda ikishikwa sawasawa na klachi yake huchukua nguvu kubwa zaidi ya hiyo kutoka kwenye injini, na huiongeza kadiri dereva anavyopunguza gia na kukanyaga mafuta. Kwa Hilux ya petroli inayotumika mjini, feni ya umeme iliyofungwa vizuri inatosha kabisa. Kwa pikapu ya dizeli inayopanda milima na shehena kila wiki, ningeirudisha feni ya mkanda pamoja na klachi mpya na kava lake la asili.